Udongo Haupimwi Mezani



Katika kila mji mkubwa wa Kongo iko biro moja ambayo watu wadogo hupita mbele yake upesi-upesi, kama wapitavyo mbele ya gereza. Ni biro ya kadastri, ndiyo kusema biro ya Leta inayopima udongo, inayochora ramani za mashamba na viwanja, na inayotayarisha karatasi za wenyewe. Mlangoni utakuta watu wa namna mbili. Wa kwanza wamevaa viatu vizuri, nao huingia bila kupiga hodi. Wa pili wamekaa chini ya mti tangu asubuhi, bahasha mkononi, nao huambiwa kila siku neno lile lile: Rudi kesho.

Lakini leo hatuandiki juu ya adabu ya makarani. Tunataka kusema jambo moja lililo kubwa kupita hilo. Udongo hupimwa kwa miguu, mchana, mbele ya majirani. Udongo uliopimwa mezani kwa kalamu, wenyewe wakiwa hawana habari, haukupimwa hata kidogo: umeibwa. Na mwizi wa namna hii ni mbaya kuliko mwizi wa usiku, kwani mwizi wa usiku hana muhuri.

1. Kazi njema

Kwanza tusitukane kazi yenyewe. Fundi wa kupima, yule ambaye wengi humwita jeometri, ana kazi ya heshima, tena ngumu. Zamani alianza hivi: alichagua mahali palipo sawa, akapima mstari mmoja kwa mnyororo au kwa uzi wa chuma, polepole, akarudia mara nyingi mpaka akawa hana mashaka. Kisha alipanda kilima na chombo chake chenye darubini, akatazama vilima viwili vingine, akaandika pembe zilizo kati yao. Akijua urefu wa upande mmoja na pembe zote, basi kwa hesabu atajua pande nyingine bila kuzikanyaga. Hivyo, pembetatu baada ya pembetatu, kilima baada ya kilima, nchi nzima inaingia katika karatasi.

Namna hiyo ndiyo iliyotumiwa na Comité Spécial du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilipopima Katanga. Namna hiyo ndiyo iliyotumiwa mwaka 1908 na 1909, mafundi wa Kiingereza na wa Kibelgiji walipopima pamoja mstari wa meridiani ya 30 kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, wapagazi wakiwabebea vyombo mpaka juu ya milima. Baada ya vita ya pili ya dunia zilikuja picha zinazopigwa kutoka ndege. Na leo ziko satelaiti: chombo kidogo cha mkononi kinakuambia mahali ulipo kwa kosa la mita chache, na chombo kikubwa cha mafundi kwa kosa la sentimita chache tu.

Kazi hiyo ni rafiki wa maskini, ikiwa inafanywa kweli. Kumbukeni Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya mji, ukafunika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mji huo kwa mawe meusi. Miti ya mpaka ilikwenda wapi? Na kuta, na nguzo, na njia ndogo kati ya nyumba na nyumba? Vyote viko chini ya jiwe. Pale juu ya lava, mtu atawezaje kusema: Hapa palikuwa kwangu? Kwa vitu viwili tu: kwa ramani iliyopimwa sawasawa, na kwa ushuhuda wa jirani aliyeokoka pamoja naye. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi hatusimami, basi, upande wa wale wasemao kwamba kadastri ifungwe. Tunataka ifanye kazi yake.

2. Neno «tupu»

Ubaya ulianza na neno moja dogo. Tarehe 1 Julai 1885 Leta ya Kongo, iliyokuwa mali ya mfalme Leopold, ilitoa amri kwamba udongo mtupu ni wa Leta. Amri hiyo haikuwa na maneno mengi, lakini ilimeza nchi. Maana, nani aliyejua kama udongo ni mtupu au una mwenyewe? Mgeni anayepita njiani anaona majani marefu, anaandika katika kitabu chake: tupu. Mwulize mwenye kijiji, atakujibu: Pale ni shamba langu linalolala, nitalirudia baada ya miaka minne. Kule ng'ombe wetu wanakunywa wakati wa kiangazi. Penye miti ile mikubwa tumezika baba zetu. Na ule msitu tunachuma dawa, asali na kuni. Katika ramani ya mgeni hakuna rangi ya shamba linalolala, wala alama ya kaburi lisilo na saruji.

Mwaka ule ule wa 1885 wakubwa wa Ulaya walipatana pia juu ya mpaka wa Leta ya Kongo upande wa mashariki. Waliuchora juu ya ramani, mstari mnyofu, mahali ambapo hakuna mmoja wao aliyewahi kupakanyaga. Hata ziwa Kivu hawakulijua: Mjerumani von Götzen alilifikia mwaka 1894, miaka tisa baada ya mstari kuchorwa. Kilichotokea ni nini? Wajerumani walisema Kivu ni yao, Wabelgiji wakasema ni yao, askari wakatazamana kwa miaka mingi, mpaka mapatano ya Bruxelles ya mwaka 1910 yalipoweka mpaka katika ziwa na katika mto Ruzizi, na kisiwa cha Idjwi kikabaki upande wa Kongo. Miaka 25 ya ugomvi, sababu ya kalamu iliyotangulia miguu! Na hao walikuwa wafalme wenye mizinga ya kujitetea. Mjane wa Walungu atajitetea kwa nini?

Tuseme kweli yote, hata ile inayotugusa sisi wenyewe. Mwaka 1906 Leta ya Leopold ilipatana na Roma kwamba kila misioni itapewa hektari 100 mpaka 200 za udongo, nayo misioni itafungua shule. Shule zilifunguliwa, na wengi wetu tunaosoma leo tunasoma kwa sababu hiyo. Lakini hektari zile zilitolewa katika fungu lile lile lililoitwa tupu. Kwa hiyo parokia ikitaka kusema juu ya mipaka ya wengine, ianze kuonyesha mawe yake ya mpaka kwa majirani wake, bila woga.

Baadaye Wabelgiji wenyewe waliona kwamba neno lile linaleta machozi. Huko Kivu, mwaka 1928, iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo mkubwa wa kugawa udongo kwa walowezi wa kahawa, chai na kinini. Malalamiko yakawa mengi. Tarehe 31 Mei 1934 ikatoka amri kwamba udongo usiitwe mtupu kabla ya kufanya uchunguzi mahali penyewe na kuwasikiliza wenyeji. Tazameni vizuri: tangu 1934 Leta inajua, kwa maandishi yake yenyewe, kwamba haifai kupima bila kuuliza. Tangu siku ile hakuna tena mtu wa biro anayeweza kusema: Sikujua.

3. Ahadi ya mwaka 1973

Uhuru ulikuja, tukafurahi. Tarehe 7 Juni 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha udongo na mali yake yote kwa Leta ya Kongo. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa ya udongo. Fungu lake la 53 lasema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake. Mafungu ya 387 na 388 yasema kwamba hata udongo wa vijiji, ule ambao watu wanaukaa, wanaulima au wanautumia kwa namna yoyote kwa desturi ya mahali, umekuwa udongo wa Leta. Na haki ya watu hao juu ya mashamba yao? Fungu la 389 linajibu kwamba haki hiyo itapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri.

Watu wakangoja ordonansi. Mwaka 1983 ulipita, na 1993, na 2003. Mwaka 2023 sheria ilitimiza miaka 50, na ordonansi ile ilikuwa haijatoka. Mtoto aliyezaliwa siku ya ahadi alikuwa tayari babu. Amelima maisha yake yote juu ya udongo ambao sheria haisemi ni wake, wala haisemi si wake. Mwenye pesa ana cheti, na mkulima ana ahadi.

Katika mwanya huo ndimo wajanja walimoingia. Huko Bushi, kwa mfano, tangu zamani mtu alitoa kalinzi kwa mwami au kwa mkuu wake, mara nyingi ng'ombe, naye akapewa shamba ambalo watoto wake wataliriti. Kalinzi haikuwa karatasi, lakini ilikuwa neno la watu wenye heshima, mbele ya mashahidi. Baada ya 1973 ilionekana kwamba neno la mashahidi ni jepesi kuliko karatasi. Ikatokea wakubwa wa desturi wenyewe wakauza kilima pamoja na watu waliomo, kwa mfanya biashara au mtu wa siasa wa mjini. Mnunuzi akaenda kadastri, akapata ramani na cheti. Familia zilizotoa kalinzi zikaamka asubuhi moja zikiitwa wavamizi katika mashamba ya babu zao.

Lakini, wasomaji, msidhani kwamba sheria iliwaruhusu. La! Sheria ile ile ya 1973 yaamuru kwamba kabla ya kutoa udongo wa mashambani ufanyike uchunguzi. Nao uchunguzi huo una mambo yake: kuhakikisha mipaka ya udongo unaoombwa, kuhesabu watu waliomo na kazi wanazofanya, kuandika miti, mito na njia zilizomo, kusikiliza kwa mdomo kila mtu mwenye neno au malalamiko, kupokea pia yaliyoandikwa. Hakuna fungu linalosema: Kaa mezani, pokea bahasha, chora. Ubaya wetu hautoki katika kukosa sheria. Unatoka kwa watu wanaotia sahihi chini ya uchunguzi ambao haukufanyika.

4. Nani analipa mafuta ya pikipiki?

Kwa nini uchunguzi haufanyiki? Wengi hujibu: Kwa sababu makarani ni wezi. Jibu hilo ni fupi mno. Twende mpaka kwenye mzizi.

Fundi wa kupima analipwa kidogo, au halipwi kabisa miezi mingi. Biro yake haina gari, haina mafuta, pengine haina hata wino. Basi mtu anayetaka kupimiwa ndiye anayelipa yote: pikipiki, chakula cha njiani, karatasi, chombo cha kupimia, na «asante» ya mwisho. Sasa fikirini. Mtu mmoja amelipa kila kitu, na fundi amekuja nyuma ya pikipiki yake, amekula nyama yake. Kule shambani wanamkuta mjane asiye na kitu, anayesema: Mpaka hauko hapo, uko kule penye mti. Fundi atasikia sauti gani?

Hata fundi mwenye moyo mwema atashindwa, kwani Leta imemweka mahali pabaya. Juji hawezi kulala katika nyumba ya mmoja wa wanaoshtakiana, na kila mtu akimwona hapo atapiga kelele. Lakini mpimaji ni juji pia, tena juji mkali: mstari wake ni hukumu, na cheti kikisha kutolewa ni shida kubwa kukiangusha. Yeye tunamwacha alale katika nyumba ya tajiri kila siku, kisha tunashangaa.

Na yule asiyetaka kulipa safari hata moja, yeye hupimiwa mezani. Fundi anachukua ramani ya zamani, anaweka karatasi juu yake, anaongeza hektari upande huu, anakata kijito upande ule, basi imekwisha. Hapo ndipo viwanja viwili vinapopewa namba moja, au kiwanja kimoja kinapopewa vyeti viwili vyenye muhuri ule ule. Nenda siku yoyote katika tribinali ya mjini, usikilize mashtaka yanayosomwa. Utashangaa ni mangapi yanayoanza na neno kiwanja au neno shamba.

5. Matunda yake

Wengine watasema tunakuza jambo dogo la karatasi. Basi twende Ituri. Mwaka 1999, katika teritware ya Djugu, upande wa Walendu-Pitsi, ugomvi uliwaka juu ya konsesioni za zamani za walowezi. Watu walisema kwamba wenye mashamba makubwa wamewahonga wakubwa ili karatasi zibadilishwe, mipaka isogezwe, na wanavijiji wafukuzwe. Sababu za vita ile zilikuwa nyingi, na majeshi ya nchi za nje yaliitia mafuta. Lakini cheche ya kwanza ilikuwa mpaka wa shamba. Kabla ya mwaka 2003 kumalizika, watu makumi ya maelfu walikuwa wamekufa. Kalamu iliyosogea kidogo juu ya karatasi ilikuja kusogeza makabila mazima.

Twende Kahuzi-Biega. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1970, hektari 60.000 juu ya mlima. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule tangu wazee wa wazee walitolewa, bila udongo mwingine wa kukaa. Kisha mwaka 1975 amri moja iliikuza mbuga mpaka hektari 600.000, mara kumi! Mstari mpya ulipita katika vijiji na mashamba ya watu wengi. Tangu hapo kila mwaka ni ugomvi: walinzi wanasema mpaka uko huku, wanavijiji wanasema uko kule. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyosema kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa hao. Sisi hatuna neno juu ya kuwalinda sokwe. Tunauliza tu: siku ya kuchora, nani aliwauliza Batwa msitu wao unaishia wapi?

Na mambo ya madini ni vile vile. Kwa sheria ya madini ya mwaka 2002 nchi imegawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja hektari karibu 85, nao hupangwa katika ordinateri kule Kinshasa. Mwenye ruhusa ya kutafuta madini anapewa vipande vyake kabla ya jiwe lolote kuwekwa shambani. Mraba haujui kwamba ndani yake mna shule, soko na makaburi. Watu wa kijiji hupata habari siku wanapoona mageni wenye kofia za chuma wakipita kati ya mihogo.

6. Wengine watasema

Wa kwanza watasema: «Kwa nini tupimwe? Desturi yatosha, mzee anajua mipaka yote.» Tunawajibu: Mzee atakufa. Tena tumeona jinsi wakuu wengine wa desturi wanavyouza kile walichowekwa kukilinda. Desturi njema haiogopi kuandikwa. Inayoogopa kuandikwa ni ile inayotaka kubadilika usiku.

Wa pili watasema: «Sasa kuna satelaiti, ubaya utakwisha wenyewe.» Hao wanadanganyika. Satelaiti inajua mahali mtu aliposimama na chombo chake, lakini haijui kama alikuwa na haki ya kusimama hapo. Mwizi akizunguka shamba la jirani yake na chombo kizuri, atapata ramani nzuri ya wizi wake, tena bila kosa la sentimita.

Wa tatu, nao ndio wakubwa wa Leta, watasema: «Nchi ina kilometa za mraba zaidi ya milioni mbili. Pesa hatuna, mafundi hatuna.» Tunawajibu kwa mfano ulio karibu, hata kama kuutaja kunauma siku hizi za vita na machozi. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kuandika mashamba zaidi ya milioni 10, kwa gharama ya chini ya dola 10 kwa shamba. Walifanyaje? Hawakungoja mafundi wakubwa. Walichagua vijana wa kila kijiji, wakawafundisha, wakawapa picha kubwa zilizopigwa kutoka angani. Siku iliyotangazwa, watu walitembea juu ya mipaka yao pamoja na majirani; jirani akikubali, kijana anachora mstari juu ya picha; wakigombana, shamba linaandikwa katika kitabu cha magombano. Jina la mke liliandikwa pamoja na la mume. Hatusemi kwamba kila kitu kule ni kizuri. Baadaye wengi waliuziana bila kurudi biro, na daftari likaanza kuchelewa. Wala hatusemi Kongo, iliyo kubwa mara nyingi, itamaliza kwa miaka minne. Lakini tusiambiwe tena kwamba haiwezekani. Haki ni haki, hata ukiiona upande wa pili wa mto.

Wa nne watanong'ona: «Mtu maskini atafanya nini? Tunyamaze, tusitafute maneno.» Hao ndio tunaowahurumia na kuwagombeza pamoja. Fundi anapofika kijijini, wengine hukimbia wakidhani ni mtoza kodi. Wengine hutia dole juu ya karatasi wasiyoisoma, sababu ya bia mbili na kilo ya chumvi. Wengine, tena Wakristo, hukubali kuwa mashahidi wa mpaka wa uongo, kisha Jumapili wako mstari wa mbele. Amri ya saba haikusema kwamba wizi wa hekta si wizi. Na yule Naboti, aliyeuawa kwa sababu ya shamba lake la mizabibu, hakuuawa na mfalme peke yake: walitafutwa mashahidi wawili, nao wakapatikana.

7. Tunachotaka

Basi, ili mtu asiseme tunalia tu, tunaandika wazi kile tunachotaka.

Kwa Leta: ahadi ya fungu la 389 itimizwe, kwa ordonansi au kwa sheria, ili mkulima wa kijiji awe na haki inayotajwa kwa jina. Wapimaji walipwe na mfuko wa Leta, nao wapewe chombo cha safari, wasiingie tena shambani nyuma ya pikipiki ya mwombaji. Na Institut Géographique du Congo ipewe kazi yake ya kweli, maana nchi haiwezi kutawala mahali isipopajua.

Kwa biro za kadastri: kusiwe na ramani bila siku iliyotangazwa mbele, sokoni na katika baraza la mkuu, na kanisani pia wakitaka. Kusiwe na mstari bila majirani wa pande zote nne, wanaume kwa wanawake, na majina yao yaandikwe chini ya ramani. Ramani ikisha chorwa, ibandikwe mahali watu wote wapitapo, katika lugha wanayoisikia, na siku za kulalamika zihesabiwe tangu siku hiyo, si tangu siku ilipofungwa katika kabati.

Kwa bami na wakuu wa vijiji: mlipewa udongo kuulinda kwa ajili ya watu. Anayeuza kilima kilichojaa watu anauza watu.

Kwa ninyi wasomaji: msikimbie fundi, mkimbilieni. Nendeni wote siku ya kupima, pamoja na wazee na wajane. Wapeni watoto wenu kazi ya kuandika: mti gani, jiwe gani, hatua ngapi tangu kijito. Msitie dole kabla ya kusomewa karatasi mara mbili. Na parokia iwe na daftari moja ambamo mapatano ya mipaka kati ya majirani yanaandikwa, mbele ya mashahidi, siku ile ile yanapofanyika. Daftari hilo si cheti cha Leta, lakini mbele ya juji mwenye moyo ni ushuhuda, na mara nyingi litazuia watu wasifike kwa juji.

Fundi wa zamani alirudia kupima mstari wake wa kwanza mara nyingi, kwa sababu alijua kwamba akikosa pale, pembetatu zote zitakosa pamoja naye mpaka mwisho wa nchi. Mstari wetu wa kwanza ni jirani. Akisahauliwa yeye, hata chombo cha satelaiti hakitatengeneza ramani hiyo. Basi biro zifungue milango, mafundi wavae viatu vya njia, twende shambani.